Somo: Kutundika obi ya Nishijin ukutani bila kuikata

Obi ni mshipi mpana wa kufungia kimono, vazi la Kijapani. Aina ya fukuro ina upana wa sentimita 31 hivi na urefu unaopita mita 4, kwa hiyo inafaa sana ukutani. Mimi napenda za Nishijin, mtaa wa wafumaji katika mji wa Kyoto, Japani. Maana ya jina hilo ni "kambi ya magharibi", kwani jeshi moja lilipiga kambi pale wakati wa vita vya Onin (1467–1477).

Kwanza, soma nakshi; hapa nazungumzia zile za kivita. Kofia ya vita ni kabuto. Kereng'ende huitwa mdudu wa ushindi, maana husemwa kuwa huruka mbele wala harudi nyuma. Sarafu 6 ni alama ya Sanada, ukoo wa wapiganaji wa Japani: nauli ya marehemu kuvuka mto wa kuzimu. (Chumba cha wageni hapana, tafadhali.)

Pili, itandaze yote sakafuni. Obi nyingi huachwa tupu pale panapofichwa na mizunguko ya kiunoni. Chagua kipande chenye kofia nzima, ndicho kikae mbele.

Tatu, weka mkasi mbali. Yangu ya kwanza niliikata, nyuzi zikachomoka wiki ileile. Ipitishe juu ya fimbo laini ya mbao, ziada ishuke nyuma, uikunje na kuishikiza kwa mishono mirefu inayoshika kitambaa cha nyuma tu. Pini hushika kutu.

Nne, mikunjo ipigwe pasi ya moto mdogo upande wa nyuma, juu ya kitambaa cha pamba, bila mvuke. Kisha itundike mbali na jua.

Swali: Dada, yangu inanuka kabati. Niifue kwa maji baridi?
Jibu: Usithubutu! Nyuzi za dhahabu mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa dhahabu na kukatwa vipande vyembamba mno. Ianike kivulini penye upepo, siku kavu.

Swali: Nitajuaje kama imefumwa au imechapwa?
Jibu: Isogeze machoni. Iliyofumwa, kofia imejengwa na nyuzi zenyewe, hata kidole kinazihisi. Iliyochapwa, rangi imelala juu tu.

Swali: Naweza kuitandika mezani?
Jibu: Ndiyo kaka, ila mchuzi ukija, iondoe kwanza.