Kufundisha uchoraji wa chuo kikuu mtandaoni: waonyeshe mkono

Nafundisha uchoraji mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya vipindi vyangu sasa iko mtandaoni. Mwanafunzi wa somo hili hahitaji kuuona uso wako, anahitaji kuuona mkono. Laza simu juu ya rundo la vitabu, kamera ichungulie ukingoni na kutazama karatasi chini. Ukichora kwa mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto kwako. La sivyo kivuli cha mkono kitafunika mstari.

Usirushe saa mbili mfululizo, bando zao hazitafika. Rekodi video za dakika 5, kila moja na jambo moja tu, uzitume kwenye kundi la WhatsApp siku moja kabla.

Mkaa wa kuchorea hauuzwi kila mji, na ule wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Wafundishe kuutengeneza. Vijiti vikavu vya unene wa kalamu, vilivyomenywa ganda, vipangwe kwenye kopo la bati, mfuniko ubane, utobolewe tundu moja kwa msumari. Kopo likae motoni hadi moshi ukome kutoka tunduni, kisha waliepue. Wasilifungue kabla halijapoa kabisa: hewa ikiingia, ni majivu.

Kabla ya kuonyesha kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, waambie wachore kwa chaki sakafuni mraba wa sentimita 60 kwa 60, kipimo cha mbao nyingi alizochorea. Kwenye simu picha hiyo inalingana na kiberiti, na ukubwa ni sehemu ya kazi.

Kwenye kusahihisha, dai picha tatu: ya dakika ya 10, ya katikati na ya mwisho. Mwanafunzi wangu mmoja alichora sufuria, mdomo ukatoka umepinda. Kwa picha ya mwisho peke yake ningesema hajui kuchora duara. Zile za mwanzo zikanionyesha kwamba alianza akiwa amesimama, akamalizia amekaa kwenye kigoda, kwa hiyo sufuria moja imetazamwa kwa macho ya urefu tofauti. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikimtajia mstari kwa mstari pale alipokaa. Akairudia jioni ileile, ameketi tangu mwanzo, miguu ya kigoda ameiwekea alama za chaki.