Deki ya DVD kwa TV ya bapa: kuchagua isiyo ghali ikaonyesha vizuri

Harusi ya mwaka 2008, kipaimara cha mtoto, kwaya ya kigango, kaswida za madrasa, filamu za Bongo zilizouzwa mtaani kabla ya simu janja: vingi vya hivi vimebaki kwenye CD tu, havipo YouTube wala kwenye flashi ya mtu. Siku TV ya chogo inapoondoka sebuleni na bapa ya inchi 43 kuingia, watu huchomeka deki ileile kwa nyaya tatu za AV, na picha inatoka kama imelowa. Nyuso hazina mipaka, maandishi yanachezacheza. Hapo ndipo muuzaji anapoleta boksi lenye maandishi makubwa "1080p Upscaling" na bei iliyopanda kidogo.

Kwenye boksi hilo, cha kulipia ni vitu viwili: tundu la HDMI na lenzi isiyosumbua. Hiyo 1080p ni nyongeza, na mara nyingi TV yako inaifanya yenyewe.

Nani anaikuza picha

Picha ya DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu Tanzania, Kenya na Uganda, ina pikseli (nukta za picha) 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani 414,720. TV ya Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ukigawanya unapata tano kamili: pale penye pikseli moja kwenye CD, skrini inahitaji tano. TV ya 4K inahitaji ishirini. Zile zinazopungua hazimo kwenye CD, kwa hiyo lazima kifaa fulani kizikisie kwa kutazama jirani zake. Ukisiaji huo ndio boksi linaouita "upscaling", nasi hapa tutauita kukuza.

Sasa, hakuna bapa inayoonyesha picha ya DVD kama kistampu katikati ya skrini. Zote zinakuza, hata deki iwe ya zamani namna gani. Mbona basi kwa AV picha inalowa? Kwa sababu ule waya wa njano unabeba rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa pamoja, na TV inapojaribu kuvitenganisha tena inapoteza vitu vidogovidogo: ukingo wa kilemba, herufi za majina mwishoni mwa filamu. Ndiyo maana pembezoni mwa maandishi mekundu unaona vidoa vinatambaa. HDMI inapeleka tarakimu kama zilivyosomwa, bila kuchanganya. Furaha ya siku ya kwanza inatokana na kuachana na waya wa njano kuliko hiyo 1080p.

Kwa TV ya inchi 32 hesabu inakuwa wazi zaidi, maana nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768 tu. Deki inakuza hadi 1080, kisha TV inashusha hadi 768. Picha imeguswa mara mbili bila faida. Nunua deki yoyote yenye HDMI, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya maneno ya kwenye boksi. Kuanzia inchi 43 na kuendelea ndipo inafaa kulinganisha deki na deki.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutoa pesa: kukuza hakurudishi kisichorekodiwa. VCD ya PAL ina pikseli 352 kwa 288. Zile CD za "filamu 20 kwa moja" zimebanwa vibaya zaidi ya inavyodhaniwa: hata ikiwa DVD ya tabaka mbili yenye GB 8.5, kila filamu inapata takriban GB 0.4, wakati filamu moja halali hujaza GB 4 hadi 7. Vile vimraba vinavyotokea mtu akikimbia vimo ndani ya CD, na deki ya kukuza itavionyesha vizuri zaidi tu.

Kukagua nyuma ya deki

Geuza deki kabla ya kuiwasha. Tundu la HDMI lazima ulione kwa macho, maana sura ya mbele hudanganya. Makampuni kadhaa huweka herufi H mwishoni mwa jina la modeli: Sony DVP-SR760H na LG DP132H zina HDMI, lakini DVP-SR370 na DP132, zinazofanana nazo, hazina. Herufi moja, tofauti yote.

Soma kibandiko cha umeme. Kikiandikwa AC 100-240V, 50/60Hz, uko salama. Kikiandikwa AC 120V 60Hz, hiyo ni deki ya soko la Marekani. Ukiichomeka kwenye 230V yetu inaungua papo hapo. Zawadi za ndugu walioko ughaibuni ndizo zinazoleta balaa hili, na huwa zinaongeza jingine: deki nyingi za huko husoma NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, peke yake, na CD ya harusi iliyorekodiwa PAL haitaonyesha kitu.

Halafu kuna alama ya dunia yenye namba ndani: hiyo ni kanda, yaani eneo la dunia ambalo deki inaruhusiwa kusoma filamu zake. Afrika Mashariki na Congo tuko kanda ya 5. Ulaya, Afrika Kusini, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni kanda ya 2, Marekani na Kanada kanda ya 1. CD za harusi na kwaya hazina kufuli la kanda, kwa hiyo kama ndizo unazo, usijali. Kama una filamu halisi zilizonunuliwa Dubai au London, tafuta deki iliyoandikwa "ALL" au inayosoma kanda zote. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China ziko hivyo tangu kiwandani.

Tundu la USB ni zuri kuwa nalo, ila usitarajie makubwa. Deki hizi kwa kawaida zinataka flashi ya FAT32, na nyingi zinasoma AVI na MPEG lakini zinakwama kwenye MP4 za siku hizi. Bapa yako huenda inasoma flashi vizuri kuliko deki.

Jaribio la dukani

Hapa usione haya kumchukulia muuzaji dakika kumi. Nenda na CD zako tatu: filamu halisi ya kiwandani, CD ya harusi iliyochomwa studio, na moja yenye mikwaruzo kidogo. Akikuwekea filamu ya HD kutoka kwenye flashi, mshukuru kisha mwombe aweke CD yako. Flashi haionyeshi chochote kuhusu lenzi wala ukuzaji wa DVD.

Anza na CD iliyochomwa, maana ndiyo mtihani mgumu. DVD ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyogongwa na inarudisha mwanga vizuri. Ya kuchoma inategemea wino uliobadilishwa rangi kwa mwali wa leza, na wino huo unafifia kadiri miaka inavyokwenda. Lenzi dhaifu itasoma ya kiwandani bila shida na kushindwa harusi yako. Sikiliza: deki nzuri inazungusha, inatulia, menyu inatokea. Ikilia krr-krr, ikisita, ikaanza tena, na nusu dakika ikapita bila picha, irudishe. Ikisoma, ruka moja kwa moja hadi dakika kumi za mwisho. Data ya DVD inaanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko CD iliyopinda inakotikisika na lenzi mbovu inakopotea.

Sasa tazama ukuzaji wenyewe, bado kwenye CD ya harusi. Kamera za studio za miaka ile zilirekodi picha nusunusu: nusu moja mistari ya witiri, nyingine ya shufwa, kwa zamu, nusu 50 kwa sekunde. TV ya chogo ilizionyesha vilevile zamu kwa zamu. Bapa inawasha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo lazima kuwe na kuunganisha kabla ya kukuza, na hapo ndipo deki mbovu inapojulikana. Tafuta sehemu maharusi wanaingia ukumbini wakicheza. Tazama mkono unaopungwa: ukiota meno kama ya kitana pembeni, deki imebandika nusu mbili ovyo. Tazama ukingo wa meza au wa keki kamera inapogeuka: mstari ulionyooka ukiwa ngazi ngazi, deki imetupa nusu moja na kunyoosha iliyobaki. Deki nzuri inaacha mkono ukiwa laini na ukingo umenyooka. Filamu halisi haitakuonyesha kasoro hii kwa urahisi, kwa kuwa nusu zake mbili zimetoka kwenye fremu moja.

Mwisho bonyeza kitufe cha rimoti kilichoandikwa HDMI au RESOLUTION, ubadilishe kati ya 576p na 1080p ukiwa kwenye sehemu ileile. Kwenye 576p TV ndiyo inayokuza. Kwenye 1080p ni deki. Kama huoni tofauti, chukua iliyo rahisi. Rudia zoezi hili nyumbani kwenye TV yako, kwa kuwa bapa nzuri ya 4K mara nyingi inaishinda deki ya bei nafuu, na hapo unaiacha kwenye 576p bila wasiwasi wowote.

Kufunga na kupanga

Waya wa HDMI wa kawaida wa mita 1.5 unatosha. Ule uliopakwa dhahabu haubadilishi picha: waya wa HDMI ama unapitisha, ama unatoa vimulimuli na skrini kuzimika. Usichomeke waya wa njano pamoja na HDMI kwenye TV hiyohiyo ukajichanganya na chaneli.

Ukishawasha, bonyeza STOP mara mbili au toa CD, maana deki nyingi hazikubali kubadilisha mipangilio CD ikiwa inacheza. Kisha SETUP:

1. TV Type au TV System: weka Auto au Multi. Ikikosekana, PAL.
2. TV Display au TV Aspect: weka 16:9. Deki nyingi hutoka kiwandani zikiwa 4:3, na ndiyo sababu filamu pana inaonekana imezungukwa na weusi pande zote nne.
3. HDMI Resolution: kama ulivyoona kwenye jaribio.
4. HDMI Audio au Digital Output: weka PCM. Ukiacha RAW au Bitstream, CD yenye sauti ya DTS inaweza kutoka bubu kwenye TV isiyoitambua.

Kwa upande wa TV, mambo mawili. Ukubwa wa picha uwe Just Scan, Screen Fit au Full Pixel, kutegemea TV; bila hivyo TV inakata kingo na kuvuta picha upya. Halafu shusha Sharpness hadi robo. Ukiipandisha, inachora mstari mweupe kuzunguka nyuso na kukuza chengachenga za CD.

Harusi za zamani zilirekodiwa 4:3, na kwenye 16:9 bibi harusi atanenepa. Usirudi kubadilisha deki: tumia kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti ya TV, chagua 4:3 kwa CD hiyo. Weusi wa kulia na kushoto ndio sahihi.

Wenye sabufa: picha ipite HDMI, nyekundu na nyeupe ziende kwenye sabufa. Deki nyingi zinatoa sauti njia zote mbili kwa pamoja. Midomo ikichelewa nyuma ya sauti, ni TV inayochukua muda kuchakata picha. Iweke kwenye Game Mode na pengo litapungua sana.

Vinavyoharibika

Skrini nyeusi huku sauti ipo, au maandishi ya HDCP (kufuli la kuzuia kunakili), mara nyingi ni projekta au monita ya zamani isiyoruhusu ulinzi wa filamu halisi kupita. Kebo ya component, yaani kijani, buluu na nyekundu, itaonyesha, ila kwa filamu hizo haizidi 576p.

"NO DISC" kwa kila CD, baada ya mwaka wa kazi nzuri, kwanza ni vumbi. Chomoa umeme, fungua kifuniko, chovya pamba ya masikio kwenye spiriti safi ya isopropili, ikamue, pitisha kwa wepesi juu ya kijicho cha lenzi bila kukandamiza. Subiri dakika tano. Ikishindikana, fundi anaweza kubadilisha lenzi. Mwambie akuonyeshe namba iliyo kwenye ya zamani, kama SF-HD62 au KHM-313, alete ileile. Lenzi ya namba nyingine hata ikiingia kwenye reli inaweza isisome.

Umeme wetu unaua deki kuliko matumizi. Usambazaji wa umeme ndani ya deki za bei nafuu hauna kinga ya maana, kwa hiyo ichomeke kwenye kilinzi kilekile cha TV na uchomoe ukienda kulala. Pwani, chumvi na unyevu hushambulia lenzi. Ifunike, lakini si ikiwa inawaka.

CD yenyewe ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia mara moja deki inaweza kuurekebisha. Unaofuata mzunguko unaziba data mfululizo, na hapo deki nyingi hushindwa kusoma. Harusi ikishasomeka vizuri, hata mara moja tu, siku hiyohiyo inakiliwe kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili iliyo nyumba nyingine.