Kurudi kwenye upinde: anza na ratili 35, zile 55 ziache ukutani

Niliacha upinde nilipoingia jeshini. Ulikaa miaka 11 juu ya dari ya nyumba ya mama, Arua, Uganda, umeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Nilipoushusha nikakuta panya wamekula manyoya ya mishale yote isipokuwa miwili. Kwenye mkono wa chini wa upinde, yaani nusu inayopinda chini ya mpini, maandishi bado yalisomeka: ratili 55, inchi 28. Ratili ni uzito unaouvuta unapouvuta upinde, inchi ni urefu wa kuuvuta. Nikajisemea, mimi huyu niliyebeba silaha milimani, ratili 55 ni nini? Nikavuta mara sita. Ya saba bega likalia, na wiki tatu nzima jerikeni nikawa nalibeba kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo somo hili ni la wanaorudi. Anayeanza upya hana shida, maana hana cha kujivunia.

Upinde ninaouzungumzia ni ule wa mbao na faibaglasi, ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele. Wa babu ulikuwa mti mmoja na upote wa ngozi, mrefu karibu sawa na yeye mwenyewe. Huu wetu ni mfupi, na mkunjo wa ncha ndio unaoupa nguvu bila kuurefusha.

Hatua ya 1: Ukague kabla hujauvuta

Pitisha pamba juu ya mikono yote miwili ya upinde, mbele na nyuma. Ikinasa mahali, chunguza hapo kama kuna ufa. Kisha upandishe upote, shika upinde mbele ya jicho moja na utazame kutoka nchani: upote upite katikati ya mikono yote miwili. Ukienda upande, mkono umepinda.

Upote wa zamani tupa. Na usinunue tu ulio imara kuliko wote. Pinde nyingi za zamani hazina ncha zilizoimarishwa, na nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huzipasua. Tumia upote wa dakroni, uzi unaonyumbuka kidogo. Kuupandisha, tumia kamba maalumu ya kupandishia. Ule mtindo wa kupitisha mguu katikati na kuukunja upinde pajani ndio unaopinda mikono.

Na dari? Nilifanya kosa kubwa. Chini ya mabati, jua la saa saba linaweza kulegeza gundi iliyoshika matabaka ya upinde. Wangu ulipona kwa bahati tu. Weka wako chumbani, bila upote, mbali na dirisha. Usiuache kwenye gari lililofungwa juani.

Hatua ya 2: Punguza uzito

Hapa ndipo watu wanaponibishia. Namba iliyoandikwa kwenye upinde hupimwa ukivutwa inchi 28. Kila inchi inayozidi au kupungua hubadilisha kama ratili 2 au 3, kwa hiyo mwenye mikono mirefu anavuta zaidi ya anachosoma. Mtihani wangu ni huu: vuta hadi mwisho, shikilia sekunde 10, rudisha polepole. Mkono ukitetemeka kabla ya sekunde ya sita, huo si upinde wako mwaka huu. Upinde wa mikono inayofunguliwa kwa skrubu unakufaa zaidi, kwa sababu unabadilisha mikono tu na mpini unabaki uleule. Mimi nilinunua mikono ya ratili 35, nikakaa nayo miezi mitano, na leo natumia 45.

Hatua ya 3: Wiki tatu bila shabaha

Jaza gunia nguo za mitumba zisizovalika, lishindilie hadi liwe gumu, nyuma yake pawe na kichuguu au ukuta wa udongo. Simama hatua tatu. Fumba macho. Piga mishale 20 au 30 kwa siku, isizidi.

Huna cha kulenga, kwa hiyo akili inabaki mwilini. Kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo kila mara, palepale. Vuta kwa misuli ya mgongo, kama unayetaka mifupa ya mabega ikutane. Kuachia usifungue vidole, vilegeze tu na upote utatoka wenyewe. Ukimaliza, mkono ulioshika upinde ubaki juu hadi usikie mshale umeingia.

Usiachie upote bila mshale hata kwa mchezo. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, na inaweza kuivunja.

Hatua ya 4: Mishale

Ukipiga kutoka rafu ya upinde wenyewe, yaani pale juu ya mpini mshale unapolala, tumia manyoya halisi. Plastiki inagonga rafu na kuuyumbisha mshale. Kwa uwindaji, greni 8 hadi 10 kwa kila ratili ni kipimo kizuri: upinde wa 40 unataka mshale wa greni 400 hivi, yaani gramu 26. Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio kabla ya kila zoezi. Ukisikia mlio, uvunje vipande viwili ili mwenzako asiuokote.

Hatua ya 5: Umbali

Wachezaji wa Olimpiki hupiga mita 70, lakini wana kilengeo na fimbo za kutuliza upinde. Sisi tuna jicho tu. Anza mita 10, usisogee hadi mishale mitano kati ya sita iingie kwenye sahani ya chai. Mimi mwisho wangu ni mita 18. Na hesabu mshale wa kwanza wa asubuhi, mwili ukiwa baridi, kwa sababu porini hakuna wa pili.

Hatua ya 6: Kibali

Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, kuwinda bila kibali cha UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ni kosa, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka adhabu inafika kifungo cha maisha. Askari hakuulizi kama upinde ni wa babu. Hata Watwa, wawindaji wa asili waliotolewa kwenye misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, leo pale Mgahinga wanawaonyesha watalii jinsi walivyowinda, hawawindi. Uwindaji wa kulipia ulirudi kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayozunguka Ziwa Mburo. Uliza kwanza UWA, tena uliza wazi kama upinde unaruhusiwa. Mimi mwenyewe tangu nirudi nimepiga magunia na visiki tu, na sijioni nimepungukiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbarara): Afande, swala pala nimlenge wapi? Video za Marekani zinasema nyuma ya bega.

Jibu: Hizo ni za kulungu wao. Moyo wa swala wetu uko mbele zaidi na chini. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi moja ya kifua. Akikutazama usoni, mwache. Na ukimpiga, kaa nusu saa kabla ya kufuata damu.

Swali (Kasese): Wazee walipaka sumu. Si ingesaidia upinde mwepesi?

Jibu: Ni kweli, Wakamba walipaka ya msunguti. Wewe usiiguse. Kidonda kidogo kidoleni kinatosha kukuua. Kigumba kinachonyoa nywele za mkono ndicho kitakachokusaidia.

Swali (Bombo): Majirani wananiogopa nikipita na upinde. Nifanyeje?

Jibu: Na mimi ningekuogopa. Toa upote, funga upinde kwenye mfuko, mishale kando. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kabla hujaanza mazoezi, umwonyeshe gunia na ukuta ulio nyuma yake. Wangu alikuja kukagua, akaomba ajaribu, akakosa gunia zima. Sasa anakuja kila Jumamosi.

Swali (Arua): Shikamoo Afande. Mimi ni mama wa miaka 52, nilipiga nikiwa shule. Ratili ngapi?

Jibu: Marahaba, lakini shikamoo ni yako, mama. Ishirini. Zikiwa nyepesi mno utajua ndani ya mwezi, na mikono ya 25 tutakutafutia.