Fukua mzaha uliozikwa kwenye majina ya gemu za njozi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimuulia wanyama Hemet Nesingwary. Mwindaji huyo mfupi mwenye ndevu amepiga kambi kwenye msitu wa Stranglethorn, ndani ya World of Warcraft, gemu ya kompyuta inayochezwa mtandaoni. Ukimaliza kuua wanyama aliokuagiza, anakutuma tena. Nilimwona msumbufu tu. Siku moja seva ikiwa imelala, nikaandika jina lake kwenye karatasi na kuanza kuzihamisha herufi. Zilipotulia zikasoma: Ernest Hemingway. Herufi 15 kwa 15, haikuzidi wala haikupungua.

Kilichonichekesha hasa si herufi. Mwandishi huyo wa Marekani alikuwa mwindaji kweli, na mwaka 1935 alichapisha Green Hills of Africa kuhusu uwindaji wake. Kambini kwa Nesingwary kuna kazi ya kutafuta kurasa zilizopotea za kitabu kiitwacho The Green Hills of Stranglethorn. Jina lilileta tuhuma, kambi ikatoa ushahidi. Ndivyo ninavyofanya hadi leo: herufi hunitia shaka tu, anayekiri ni mhusika mwenyewe kwa anachokifanya. Chukua kalamu, tuanze.

Hatua ya 1: Liandike, kisha litamke

Macho yetu yameshazoea kwamba jina la njozi ni kelele: x hapa, z pale, kikoma kinaning'inia katikati. Tunalipita kama tunavyopita namba ya gari. Liandike kwa herufi kubwa, futa vikoma, kisha lisome kwa sauti kama neno la Kiswahili.

Jaribu na Un'Goro, eneo jingine la gemu hiyo hiyo. Bila kikoma ni UNGORO. Ni kreta kubwa, imezungushiwa kuta pande zote, ndani imejaa wanyama wa kutisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada kusikia Ngorongoro humo. Hapa tumewatangulia Waingereza hatua moja, na si mara ya mwisho.

Hatua ya 2: Soma kutoka nyuma

Huu ndio mzaha wa zamani kuliko yote na ndio rahisi kuunasa. Katika Wizardry ya mwaka 1981, mfalme mwendawazimu aitwaye Trebor anakutuma shimoni ukamwue mchawi Werdna aliyemwibia hirizi. Geuza: Robert na Andrew. Gemu ilitengenezwa na Robert Woodhead na Andrew Greenberg. Kwa hiyo mmoja wa mafundi anakulipa ukamwue mwenzake, na wachezaji waliingia shimoni usiku kucha wakisuluhisha ugomvi wa marafiki wawili bila kujua.

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, imejaa mambo haya. Mchawi Drawmij ni Jim Ward, mmoja wa waandishi wake. Kwenye karata za Magic: The Gathering kuna Nevinyrral's Disk, yaani sahani ya Larry Niven, na hapa ushahidi ni mtamu. Niven aliandika hadithi ambamo nguvu ya uchawi, mana, huisha kama mafuta kwenye taa, na gurudumu lililorogwa linazunguka hadi kuimaliza yote mahali lilipo. Karata yenyewe inafanya nini? Inafagia karibu kila kitu kilichoko mezani.

Angalizo kwa wanaojua kucheza kinyume. Sisi tunageuza silabi, wao wanageuza herufi. Ukimgeuza nyoka wa gemu ya Pokémon aitwaye Ekans kwa silabi, hupati kitu. Mgeuze kwa herufi, unapata snake, nyoka kwa Kiingereza. Akikua anakuwa Arbok. Waingereza huandika cobra kwa c, kwa hiyo kwao hesabu inapinda kidogo. Iandike kwa tahajia yetu, kobra, na jina linageuka bila kasoro.

Hatua ya 3: Vuruga herufi

Kama nyuma hakuna kitu, ivuruge. Usianze na irabu, zipo kila mahali. Anza na herufi adimu, na zile zinazoonekana kukaa vibaya. Mfano ninaoupenda ni Phelddagrif, kiboko wa zambarau mwenye mabawa kwenye karata za Magic. Zile d mbili zilizobanana hazina sababu ya kuwa pale. Toa P, H na D moja uziweke kando. Zilizobaki ni E, L, D, A, G, R, I, F, ambazo zikipangwa zinasoma Garfield. Richard Garfield ndiye aliyebuni mchezo huo, na ana shahada ya uzamivu ya hisabati. Kiboko anayeruka amebeba jina la profesa pamoja na PhD yake.

Vecna, mchawi mfu wa Dungeons & Dragons, ni Vance: Jack Vance, mwandishi wa hadithi za njozi. Jina la herufi tano lingeweza kuwa bahati tu, ndiyo maana nataka shahidi. Kwenye vitabu vya Vance, mchawi hulikariri fumbo la uchawi, akilitamka linamtoka kichwani hadi alikariri upya. Utaratibu huo huo ndio uliotumika kwa wachawi wa Dungeons & Dragons tangu ilipotoka mwaka 1974. Waliazima duka zima, wakaona si vibaya kuandika jina la mwenye duka mlangoni, ila kwa mafumbo. Tenser naye ni Ernest, mtoto wa Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wawili wa mchezo huo. Mtoto alimwigiza mchawi huyo mezani kwa baba yake.

Kanuni yangu ni nyepesi: jina fupi, dai ushahidi mzito. Ukivuruga herufi nne utapata neno lolote unalolitaka.

Hatua ya 4: Kata vipande, kisha uliza ndugu zake

Jina moja huficha vizuri. Majina matatu ya ukoo mmoja hayawezi. Articuno, Zapdos na Moltres, ndege watatu wa Pokémon, kila mmoja peke yake anaonekana wa kawaida. Wapange mstari mmoja uangalie mikia: uno, dos, tres. Moja, mbili, tatu kwa Kihispania. Mbele kuna barafu, radi na moto.

Humo humo, Hitmonlee anapiga mateke, Hitmonchan anapiga ngumi. Kata mwisho: Lee na Chan, kama Bruce Lee na Jackie Chan. Kwenye Undertale ya mwaka 2015, mifupa wawili ndugu wanaitwa Sans na Papyrus, majina ya miandiko ya kompyuta, na maneno ya kila mmoja yanatokea kwa mwandiko wake. Hao hata hawakujificha.

Melf ni wa aina yake. Mtoto mwingine wa Gygax alikuwa na mhusika wa kiume wa kabila la elf asiye na jina. Kwenye karatasi palisomeka M, kwa mwanamume, kisha elf. Akaitwa Melf, na mshale wake wa tindikali bado uko vitabuni.

Hatua ya 5: Rudi kwenye lugha ya kwanza

Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana bahati. Gemu nyingi za njozi zilizaliwa kwa Kijapani. Kijapani, kama sisi, hupenda silabi iishie na irabu, na neno la kigeni likiingia huvalishwa irabu mkiani. Tafuta jina la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, lisome kwa irabu zetu a, e, i, o, u, na utakuwa karibu kabisa na linavyotamkwa. Kisha jiulize: neno gani la Kiingereza lilivalishwa nguo hii?

Kwenye Zelda II ya mwaka 1987 kuna mtu anayekwambia kwa Kiingereza, "I am Error", mimi ni Kosa. Wachezaji wengi walidhani gemu imeharibika. Lakini kuna mhusika mwingine aitwaye Bagu. Litamke polepole. Ni bug iliyovalishwa irabu, ile hitilafu ya programu. Kosa na Hitilafu, wawili waliotoka chumba cha waandika programu. Mtafsiri alimtafsiri wa kwanza akamsahau wa pili, na mzaha ukabaki na mguu mmoja.

Kosa la namna hiyo lilimkuta pia askari mmoja wa Final Fantasy VI, ya mwaka 1994. Mwenzake anaitwa Wedge. Yeye kwa Kiingereza cha wakati ule akaitwa Vicks. Ukikumbuka marubani Biggs na Wedge wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, unaona kilichotokea: Biggs iliandikwa kwa silabi za Kijapani, mtafsiri akairudisha kwa kukisia, na rubani akageuka dawa ya kupaka ya mafua. Ndugu yake ndiye aliyemtoa, kama kwenye hatua ya 4.

Mara nyingine mtafsiri hafanyi kosa, anabadilisha mzaha mzima. Chrono Trigger ya mwaka 1995 ina makamanda watatu wa adui wanaoitwa Ozzie, Slash na Flea. Ni wanamuziki wa roki: Ozzy Osbourne, Slash mpiga gitaa, Flea mpiga besi. Ukisimama hapo umefukua nusu tu. Kwa Kijapani watatu hao ni siki, mchuzi wa soya na mayonezi. Mtafsiri aliona viungo vya chakula havitachekesha upande wa pili, akaleta jukwaa la muziki. Kwa maoni yangu siki ilikuwa bora, kwa sababu hakuna kinachomvunjia heshima jemadari wa mapepo kama kukaa rafu moja na chumvi.

Na zile silabi za kinyume? Zinarudi hapa. Neno la Kijapani kwa ubaya ni warui, ndimo alimotoka Wario, Mario mbaya. Mwenzake Waluigi kwa Kijapani ni wa-ru-i-ji. Zungusha silabi: i-ji-wa-ru, yaani mwenye roho mbaya. Kijapani huandikwa kwa silabi, kwa hiyo wao pia huchezea silabi. Mchezaji wa kinyume hapa yuko nyumbani.

Hatua ya 6: Pekua vitu vya mfukoni

Jina likikataa kabisa kusema, angalia vifaa. Wachawi wa Dungeons & Dragons wanahitaji malighafi, na orodha ile ni ghala la utani. Uchawi wa kusoma mawazo unahitaji sarafu ya shaba, kwa sababu Waingereza humwambia mtu aliyezama kimya kwamba watampa senti aseme anachowaza. Radi inahitaji kipande cha manyoya na fimbo ya kioo: visugue uone cheche za umeme. Mpira wa moto unataka kinyesi cha popo na kiberiti, yaani salfa, viwili kati ya vitu vilivyotumika zamani kutengeneza baruti. Kuelewa lugha zote? Mnara mdogo wa udongo. Ni mnara wa Babeli.

Hatua ya 7: Jua pa kuacha

Guybrush, mharamia chipukizi wa The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990, alinila jioni nzima. Niligeuza, nikavuruga, nikakata. Kumbe alipochorwa hakuwa na jina, walimwita guy tu, jamaa. Mchoraji akaliongezea faili lake neno brush, aina ya faili la programu ya kuchorea, na jina la faili likabaki kuwa jina la mtu. Hakuna fumbo. Lakini kisa kinachekesha kuliko mafumbo mengi, kwa hiyo kiandike daftarini pia, ukurasa wa peke yake.

Hatua ya 8: Zika wa kwako

Ukishafukua kumi, mkono utawasha. Kwa Kiswahili usigeuze herufi. Nyoka atakuwa akoyn, na hakuna mdomo utakaoitaka. Geuza silabi: nyoka anakuwa Kanyo, jina ambalo malkia wa mapangoni anaweza kulivaa bila aibu. Moto unakuwa Tomo. Giza linakuwa Zagi, na hili nilifurahi nalo mno, mpaka nilipokumbuka kwamba Gygax alijigeuza mwenyewe akajiita Zagyg. Mlinzi wangu wa handaki na yeye sasa ni kama binamu.

Kuunganisha nako kunafaa. Kwenye mchezo ninaouendesha nina popo mmoja anayeruka kombo na kugonga kuta. Anaitwa Popombe. Wachezaji wangu walipambana naye mara tatu bila kushtuka. Mara ya nne nikamwekea kibuyu kando ya kiota, mmoja akauliza kimejaa nini, na kabla sijajibu mwenzake akaanza kucheka.