Somo: Kuchagua maharage ya kutambaa yenye ladha

Kabla hujanunua mbegu, nunua mboga. Hilo ndilo somo la leo.

Wanaoniuliza kuhusu maharage yanayopanda miti huanza na mavuno. Mimi huwauliza kwanza: kwenu mnayala vipi? Anayepika kwa mawese ili ashushie ugali wa muhogo anataka rojo zito. Anayechuma maganda mabichi akayakaangie nyanya anataka ganda lisilo na nyuzi. Bibi yangu hapa Buhigwe, milimani Kigoma, alijali majani machanga kuliko punje, na aina aliyoipenda ilikuwa ya ovyo kabisa chunguni. Kila mmoja wao anahitaji mbegu yake.

Hatua ya 1: Onja

Nenda gulioni, chukua robo kilo ya kila aina inayokuvutia. Tatu au nne zinatosha. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, maana maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva hata kama mbegu yake ni nzuri. Ukilinganisha ya mwaka jana na ya mwezi uliopita, utakuwa unapima stoo, si aina.

Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kila aina kwenye sufuria yake. Chumvi tu, tena mwishoni. Usiweke kitunguu, mafuta wala magadi. Usionje hadi yaive: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha. Huisha yakichemka kwa nguvu angalau dakika 10. Moto wa kufukuta peke yake hautoshi.

Sasa tafuna polepole. Ganda linabaki mdomoni kama karatasi? Ndani ni laini kama kiazi au kuna chengachenga? Kisha kunywa rojo bila ugali. Kwangu mimi rojo ndilo linaloamua. Aina ambayo maji yake hayana ladha sijawahi kuipanda mara ya pili. Usidanganywe na rangi. Njano ya Kigoma ina sifa yake ya kuiva upesi, lakini nimekula maharage meusi, ambayo wengi huyadharau kwa kuchafua mchuzi, na rojo lake likayashinda yote mezani.

Aina za maganda mabichi huwezi kuzijaribu hivi. Mwaka mmoja nilinunua pakiti dukani kwa sababu ya picha. Maganda yalitoka marefu, yamenyooka, ya kupendeza. Baba watoto alitafuna moja akasema, "Hii tungefungia mbuzi." Tangu hapo naomba maganda kwa jirani kwanza, navunja moja: likikatika kwa mlio bila kuacha uzi, naomba na mbegu.

Hatua ya 2: Hakikisha yanatambaa

Punje haikuambii kitu. Njano nyingi za sokoni ni za kichaka, yaani fupi zisizopanda mti. Muulize mkulima mwenyewe kama aliyawekea miti. Ukibahatika kupata zile nyekundu ndogo zilizoenea Rwanda kuanzia miaka ya 1980, kama Umubano yenye asili ya Mexico, hizo hupanda kwelikweli na huvumilia chule, ugonjwa wa kuvu unaotia madoa meusi kwenye maganda. Ladha yake onja mwenyewe, mimi naiona ya kawaida.

Hatua ya 3: Panda kidogo

Huku milimani tunapanda mvua zikishika, Oktoba au Novemba, na tena Februari hadi Machi. Chomeka mti wa mita 2 au zaidi, weka punje 3 kuuzunguka, kina cha sentimita 3 hadi 5, na mti mwingine uwe umbali wa nusu mita. Samadi iwe imeoza. Ikizidi utavuna majani. Mti uwepo kabla mche haujaanza kutafuta pa kushika. Ukiusaidia mche kujizungusha, fuata njia yake: ukiutazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukiulazimisha upande wa pili utaukuta asubuhi umejifungua.

Miti 10 kwa kila aina inatosha kwa msimu wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Dada, shikamoo. Niko Ujiji. Yanatambaa vizuri, yanatoa maua, kisha maua yote yanapukutika. Nakosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, uko chini. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, sisi huku tuko juu zaidi na usiku kuna baridi. Joto likipita nyuzi 30 maua hudondoka, na udongo ukikauka ndiyo kabisa. Mwagilia asubuhi, tandaza nyasi, tafuta sehemu yenye kivuli cha mchana. Yakikataa tena, panda fiwi au kunde za kutambaa. Hizo joto ni kwao.

*Mbona umekataza magadi? Mimi bila magadi kuni zinaisha.*

Kwenye kuonja tu, mama. Magadi hulainisha ganda, kwa hiyo aina mbaya itajificha. Pia hubadilisha ladha na kupunguza baadhi ya vitamini. Chumvi ya Uvinza tumia upendavyo.

*Miti naipata wapi? Hapa Kasulu kukata msitu ni kesi.*

Na iwe kesi. Panda mahindi kwanza, yakifika magotini weka maharage pembeni, yatapanda bua. Au funga kamba za katani kutoka kwenye boriti moja ya juu. Matete nayo yanafaa, ila hudumu msimu mmoja.

*Nikipanda aina mbili jirani, mbegu hazitachanganyika?*

Mara chache. Ua la maharage kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Acha mita chache katikati, basi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ugonjwa: chule na batobato (virusi vinavyotia majani mabaka) husafiri ndani ya mbegu. Funga uzi mwekundu kwenye mashina yenye afya mapema, yale tu ndiyo ya mbegu, na usiyachume kwa mboga hata wageni wakija.

*Na fukusi? Mbegu yangu nzuri ilitobolewa yote.*

Kausha hadi punje ikatae kuingia ukucha, tia kwenye chupa kavu ya plastiki ijae hadi shingoni, funga kwa nguvu. Wakikosa hewa hufa. Chupa usiiweke darini juu ya moshi wa jiko kama nilivyofanya mimi. Joto lile liliua mbegu pamoja na fukusi.