Kusoma tarehe za Wamaya kwa penseli na kalkuleta

Huhitaji kujua lugha ya Wamaya, wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati, ili usome tarehe waliyoichonga kwenye nguzo ya jiwe. Ukijua kuzidisha na kujumlisha, yatosha. Mimi nafundisha hesabu sekondari huku kusini Unguja, na nguzo hizi ndizo jibu langu kwa kijana anayeuliza, "Mwalimu, baki ya mgawanyo itanifaa nini?"

Tafuta mchoro kwanza, picha baadaye. Jiwe lililokaa msituni zaidi ya miaka elfu limeliwa na mvua, na pichani kivuli kidogo tu hugeuka nukta. Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard yana mradi wa kuchora maandishi haya tangu 1968, nguzo baada ya nguzo, na michoro mingi iko mtandaoni bure. Anza na nguzo namba 29 ya Tikal, Guatemala.

Tarehe ndefu kwa kawaida hutanguliwa na alama moja kubwa kuliko zote. Ipite hiyo, tafuta namba zinazofuata. Nukta ni moja, ufito ni tano, na sifuri ina alama yake, mara nyingi yenye umbo la kombe. Fito tatu na nukta nne ni 19, na hapo ndipo ukomo, kwa kuwa wenyewe walihesabu kwa ishirini. Chunga kitu kimoja: penye nukta moja au mbili, mchongaji huziba nafasi kwa vipambo ili jiwe lipendeze. Vipambo havihesabiwi. Darasa langu karibu zima huanguka hapo.

Namba ni tano. Ya kwanza ni baktun, siku 144,000 kila moja. Inafuata katun, siku 7,200. Tun, siku 360. Winal, siku 20. Na kin, siku moja. Tun haifiki mwaka wa jua, imepungukiwa siku tano, na Wamaya walilijua hilo: walikuwa pia na kalenda ya siku 365, yenye siku tano za nyongeza mwishoni. Nikilieleza hili Makunduchi hakuna mzee anayeshtuka, maana mwaka wa wavuvi wa pwani nao ni miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano juu yake.

Tikal 29 inasomeka 8.12.14.8.15. Zidisha kila namba kwa siku zake, jumlisha, utapata siku 1,243,615 tangu mwanzo wa hesabu yao, ambao wataalamu wengi wanauweka tarehe 11 Agosti 3114 KK. Ili upate mwaka wetu, gawa kwa 365.2425 kisha toa 3,112.4. Inabaki 292.5, yaani katikati ya mwaka 292 BK. Njia hii ni ya mkato, inakupa mwaka na msimu. Siku kamili iachie programu.

Sasa uhakiki, na hapa ndipo utamu wenyewe. Sambamba na hesabu hii ndefu ya namba tano kulikuwa na mzunguko wa siku 260: namba 1 hadi 13 zikienda pamoja na majina 20. Mzunguko huo haujafa. Momostenango, nyanda za juu za Guatemala, Wak'iche', ambao ni Wamaya wa leo, wanauhesabu mpaka sasa. Kupata namba yake, gawa jumla ya siku kwa 13, chukua baki, ongeza 4, ukizidi 13 punguza 13. Jiwe likisema namba nyingine, ama umesoma vibaya, ama mchongaji ndiye aliyekosea.

Mwaka 1939 mwanaakiolojia Mmarekani Matthew Stirling alichimbua nguzo C huko Tres Zapotes, jimbo la Veracruz, Mexico, nje kabisa ya nchi ya Wamaya. Jiwe lilikuwa limevunjika na namba ya kwanza haipo. Zilibaki 16.6.16.18, na siku ya 6 Etznab, yaani namba 6 pamoja na Etznab, moja ya yale majina 20. Mkewe, Marion, alipiga hesabu akasema iliyopotea ni 7. Fanya nawe. Weka 7: siku 1,125,698, baki 2, ongeza 4, unapata 6. Weka 8, unapata 5. Weka 9, unapata 4. Kati ya 1 na 13 hakuna nyingine inayotoa 6. Kwa hiyo ni mwaka 32 KK, mapema kuliko wengi walivyokuwa tayari kukubali wakati ule, na mabishano hayakukosekana. Miaka kama thelathini baadaye kipande cha juu kikapatikana, kikiwa na ufito mmoja na nukta mbili.

Ukishazoea, nenda Quiriguá, nayo Guatemala, nguzo E, ndefu zaidi ya mita kumi. Tarehe yake moja ni 9.17.0.0.0, ya mwaka 771, na ukihakiki lazima upate 13, maana siku yake ni 13 Ahau. Mji huohuo una mawe ambayo namba zake si fito wala nukta, ni miili mizima ya miungu na wanyama waliobebana. Hayo yaache kwanza mpaka mkono ukomae.