Agiza michopo mbele, bière nyuma

Bandugu, kama unafika Lubumbashi na unatafuta nganda (baa) ya kizamani kule Kamalondo ao Kenya, zile komini za mji, usianze na chupa. Anza kwa mama wa makala, ule anachoma michopo, ni kusema nyama ya mbuzi ya kuchoma. Mbuzi inakatwa pale pale mbele yako, unaonyesha kwa kidole kipande unataka, mi nachaguaga mbavu zenye mafuta kidogo, na ile nyama itabakia ku moto muda mrefu, sasa ukikunywa chupa mbili na njaa tu kichwa kinakuzunguka mbele hata michopo haijafika.

Nyama ikianza kutoa harufu, njo uombe bière. Simba na Tembo zote zinapikwa hapa hapa mjini na Brasimba, kiwanda cha bière, ni bière ya nyumbani kabisa. Simba ni nyeupe, nyepesi, inaenda muzuri na samaki. Tembo ni nyeusi, iko na kautamu kidogo kama sukari ya kuungua, na kwa mbuzi ya pilipili na kitunguu kibichi mi sijaonja kitu kinaishinda, kweli. Watakuuliza: ya baridi ao ya moto? Ya moto maana yake haijaingia ku frigo, wazee wengi wanaipenda hivyo. Wakufungulie chupa mbele ya macho yako.

Bukari (ugali) omba pia, kadogo, ya kukamatia mafuta ya mu sahani. Na kama ni musimu wa vinkubala (viwavi vya kula), omba sahani moja ya kukaanga ile inalia krak mu meno.